Hataza ya bitana ya kontena: Kinshasa peke yake haitoshi

Ndugu aliyeuliza kama aombe hataza (haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake) Kinshasa kwa bitana yake ya kukinga kahawa na matone ndani ya kontena, kisha akipe leseni kiwanda cha Mombasa, namjibu kwa yale tuliyoyapitia katika karakana yetu ya maturubai hapa Kadutu, Bukavu.

Kinshasa omba, kwa kuwa sheria ya mali ya viwanda ya tarehe 7 Januari 1982 inalinda uvumbuzi kwa miaka 20. Hata hivyo, ulinzi huo unakoma Ruzizi, mto wa mpaka wetu na Rwanda: atakayeishona na kuiuza Mombasa hatakuwa amevunja haki yako yoyote. Kongo haimo katika ARIPO, shirika la kanda la Afrika la hataza na mali ya ubunifu, lenye makao Harare, ilhali Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo. Mkataba wa Paris, wa kimataifa kuhusu mali ya viwanda, unakupa miezi 12 tangu ombi la kwanza ili uombe ARIPO au katika nchi hizo na bado uhesabiwe tarehe ya Kinshasa. Muda huo ni mfupi, maana maandishi ya Kifaransa yatafsiriwe kwa Kiingereza na yapitie kwa wakala anayetambuliwa.

Kazi kubwa ni madai yenyewe, yaani sehemu ya ombi inayotaja hasa unachotaka kilindwe. Bitana za polietilini zimekuwepo miaka mingi, kwa hiyo ukidai tu “kitambaa kinachozuia unyevu” unaweza kukataliwa, na ni haki. Paa la chuma la kontena linapopoa usiku, mvuke uliotoka katika punje hugeuka maji juu yake na kudondokea magunia. Sisi tulidai namna tabaka la kunyonya linavyoning’inizwa kwenye pete za kufungia mizigo lisiguse paa wala magunia, pamoja na mpangilio wa kamba unaowawezesha watu wawili kulifunga wakianzia mlangoni. Mambo madogo kama hayo ndiyo mshindani angeyaiga.

Sampuli usiitume kiwandani kabla ya ombi kupokelewa; ukilazimika, mkataba wa siri utiwe saini kwanza.

Kuhusu leseni, dai malipo kwa kila bitana iliyouzwa, wala si sehemu ya faida, kwa sababu faida huandikwa na mwenye daftari. Mwenye kiwanda akitaka awe peke yake mwenye leseni, aahidi kiwango cha chini cha malipo kila mwaka, na asipokifikisha haki hiyo ya upekee ikome. Ada za kuhuisha hataza ziandikwe ni za nani. Kisha kuna kipengele ambacho wanasheria wa viwanda hupenda kukipitisha kimyakimya: kile cha maboresho atakayoyafanya fundi wao juu ya bitana yako; dai kiseme kuwa nawe una ruhusa ya kuyatumia bila malipo.