Mke wangu amekuta rangi ya mdomo kwenye begi, na ni yangu

*Shangazi, nina miaka 34, nimeoa mwaka wa sita sasa, tuna mtoto mmoja na tunatafuta wa pili. Tangu utotoni napenda kujiremba kike. Nikiwa peke yangu hupaka poda, navaa gauni, nakaa mbele ya kioo nusu saa, roho inatulia, kisha nafuta kila kitu. Sijawahi kumwambia mtu. Majuzi nilipata kwenye intaneti mwongozo wa siku 90 wa kumfanya mwanaume aonekane mwanamke: ngozi, nyusi, sauti, mwendo, mpaka vidonge vya homoni vya kuagiza bila daktari na sindano za kujaza nyonga. Nimefika siku ya 12. Wiki iliyopita mke wangu alikuta rangi ya mdomo kwenye begi langu, akasema nina nyumba ndogo. Nilinyamaza. Sasa analala chumba cha mtoto. Naomba unijibu: mwongozo huu ni salama? Nimwambie nini mke wangu? Na samahani kwa jambo dogo, hiyo rangi hunigandia kwenye meno. Wanawake huwa wanafanyaje? — Mwenye Begi*

Mwanangu,

Tuanze na begi, maana mwongozo unaweza kusubiri, mkeo hawezi. Alipokuuliza ukanyamaza, na kimya mbele ya swali kama lile ni jibu tosha. Umekubali uonekane mzinzi kuliko uonekane umepaka rangi mdomoni. Aibu iliyokufikisha hapo naielewa. Uzinzi una jina, watu wanajua hata namna ya kuuombea msamaha. Hili lako wewe mwenyewe hujui uliiteje. Lakini mwenzako analia kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo, na kila usiku unaopita anamwongezea sura, umri, na mahali mnapokutania.

Mwambie wiki hii. Chagua saa ambayo mtoto amelala na hakuna anayekimbilia popote. Siku hiyo usivae chochote cha kike, wala usimtolee simu kumwonesha picha. Macho yakitangulia, masikio hayasikii tena. Mwambie: "Ile rangi ni yangu mimi, naipaka mwenyewe. Hakuna mwanamke mwingine. Napenda kujiremba tangu utotoni, nimekuficha, na ulipouliza nikakuacha uamini uongo." Kisha umwachie nafasi. Anaweza kucheka, anaweza kulia, anaweza kutoka nje. Usimfuate na maelezo.

Atakapopata sauti, nakuhakikishia atauliza mambo mawili: kama unapenda wanaume, na kama unataka kuwa mwanamke. Hayo ni maswali tofauti, na kujiremba ni la tatu. Unachovaa, unayemtamani na unavyojiona ndani yako havifungwi kamba moja. Wapo wanaume wengi wanaovaa kike, wanawapenda wake zao, na hawataki kubadilisha chochote katika miili yao. Wapo pia wanaoanza na rangi ya mdomo na baada ya muda wakatambua kwamba wao ni wanawake. Katika barua yako umeandika "roho inatulia". Hujaandika kwamba mwili wako unakuchukiza. Sitakupachika jina kwa barua moja, na wewe usijipachike usiku huo kwa kuogopa swali. "Sijui bado" ni jibu halali, mradi ni la kweli.

Ukiulizwa kama unaumwa, hapana. Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha orodha yake mpya ya magonjwa mwaka 2019, ambayo ilianza kutumika Januari 2022, liliondoa kuvaa mavazi ya jinsia nyingine kwenye orodha ya maradhi.

Sharti moja tu. Kuna nchi ambako mwanaume kuvaa kike kunaweza kumfikisha polisi, na kuna ndoa ambamo siri hutangazwa siku ya hasira. Unaijua nchi yako na unamjua mkeo. Kama hofu hiyo ni ya kweli, tangulia kwa mshauri nasaha anayefungwa na kiapo cha siri, mzungumze naye namna ya kulisema. Na kama umejipiga picha, kwa vyovyote, angalia kama simu yako haizipeleki kwenye kifaa kingine mnachotumia nyumbani. Siri nyingi za namna hii hufichuliwa na tabuleti ya mtoto.

Sasa mwongozo wako. Nimeusoma huo na mingine kadhaa ya aina hiyo, na tatizo langu si kwamba yote ni uongo. Tatizo ni mpangilio. Imepangwa kwa siku: siku ya 5 nyusi, siku ya 40 vidonge, kana kwamba ni ngazi moja na kila kidato kina uzito sawa. Mimi ningeipanga kwa swali moja: hili nikijuta kesho, linarudi? Kuna vinavyotoka kwa maji na sabuni. Kuna vinavyoota tena baada ya muda. Kuna visivyorudi kabisa. Ukiwa siku ya 12, mkeo hajui, na wewe mwenyewe hujui unatafuta nini, kaa kwenye maji na sabuni.

Na hapo pana mengi mazuri ya kufanya, usidhani nakunyima. Chukua kivuli cha ndevu, kinachowatesa wengi. Hata ukinyoa vizuri, mizizi ya nywele chini ya ngozi huonekana kama bluu au kijivu, na poda ikipakwa juu yake inageuka majivu. Watu huongeza poda, majivu yanazidi. Dawa yake ni rangi inayoua bluu, yaani ya chungwa. Kwa ngozi nyeusi, chungwa lililoiva linaloelekea wekundu wa tofali. Nyoa baada ya kuoga, ngozi ikiwa laini, ukifuata nywele zinakolalia, kwa wembe mkali na mkono mwepesi. Ngozi ikishatulia, gusagusa rangi hiyo kwa ncha ya kidole pale penye kivuli tu, tabaka jembamba, usisugue. Juu yake poda kidogo ya kuishika, ndipo fondesheni. Fondesheni ijaribu kwenye taya, si mgongoni mwa mkono, kwa sababu mikono yetu haina rangi ya nyuso zetu.

Kama nywele zako zinajisokota, usinyoe kinyume na zinakoota kwa tamaa ya ulaini. Unywele uliokatwa chini sana hujikunja ukarudi ndani ya ngozi, na huo ndio mwanzo wa vile vipele vya kidevuni. Hakuna poda inayofunika vipele.

Mavazi nayo yanavuliwa, kwa hiyo cheza nayo. Usinunue kwa kukisia namba ya shati lako; pima kifua, kiuno na nyonga kwa futi ya fundi cherehani, ulinganishe na jedwali la vipimo. Mabega mapana hayafichwi kwa nguo kubwa, yanasawazishwa kwa kuongeza chini: sketi inayofunguka kutoka kiunoni, blauzi yenye shingo ya V, mikono isiyovimba begani. Viatu vipime jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na anza na kisigino cha sentimita tatu au nne. Kirefu hukusukumia uzito wote kwenye vidole, na utatembea kama mtu aliyekanyaga makaa, hata mwongozo ukufundishe mwendo mwezi mzima. (Ukijiona mjinga ndani ya visigino, tazama picha ya mfalme Louis XIV wa Ufaransa iliyochorwa mwaka 1701: wigi, soksi ndefu zinazobana, viatu vyenye visigino vyekundu. Hicho kilikuwa kilele cha uanaume.)

Sauti ni zoezi, na ukichoka unaiacha. Ila mwongozo wako umekosea, kama mingi, kwa kusema uipandishe tu. Ni kweli sauti ya mwanaume mzima kwa kawaida huzunguka kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 100 na 130, na ya mwanamke kati ya 180 na 220. Lakini mwanaume akipandisha sauti bila kubadili kingine, anasikika kama mwanaume anayeigiza. Sikio husikiliza pia sauti inavumia wapi. Weka kiganja kifuani, uvume "mmm" mpaka mtetemo upungue kifuani na uusikie midomoni na usoni. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Koo likiuma au sauti ikikwaruza, acha siku hiyo. Nyuzi za sauti hazilazimishwi.

Vinavyoota tena: nyusi na nywele za mwili. Nyusi ng'oa chini tu, unywele mmoja mmoja, ukirudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye kioo kila baada ya muda. Zikizidi kuisha utasubiri wiki nyingi kuziona tena, na zikinyofolewa mara kwa mara huweza zisirudi zote. Hapa tayari unagusa uso ambao mkeo anauona kila asubuhi. Ndiyo maana mazungumzo yanatangulia kibanio.

Halafu visivyorudi, na hapa sauti yangu inabadilika.

Vidonge, weka chini. Umeandika kwamba mnatafuta mtoto wa pili. Homoni hizi hupunguza mbegu za kiume, na mtu akiacha kuzimeza hakuna wa kumhakikishia zitarudi. Matiti yakishaota hayapotei kwa kuacha dawa, yanaondolewa kwa upasuaji. Estrojeni, yaani homoni ya kike, ikimezwa huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, zaidi kwa mvutaji sigara, na baadhi ya dawa zinazotolewa pamoja nayo za kuzuia homoni ya kiume hupandisha potasiamu mwilini mpaka moyo ukapata shida. Ndiyo maana daktari hupima damu kwanza, na kuipima tena na tena. Na ujue usichopata: kwa mtu aliyekwisha balehe, homoni haziinui sauti wala haziangushi ndevu. Wapo watu ambao dawa hizi zimewapa maisha, siwabezi hata kidogo. Walizipata kwa daktari, wakijua wanataka nini. Wewe unazipata kwa sababu kalenda imefika siku ya 40.

Sindano za nyonga, kamwe. Silikoni ya maji ikidungwa mwilini haikai ilipowekwa. Inasafiri, inaweza kufika mapafuni, na watu wamekufa. Ukitaka nyonga, kuna sponji za kuvaa ndani ya nguo. Zinavuliwa.

Krimu ya "kung'arisha" ambayo mwongozo wako umeiweka siku ya 3 ndiyo iliyonikasirisha zaidi ya yote. Nani alisema mwanamke ni mweupe? Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo huharibu figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, wa mwaka 2013, umeipiga marufuku kwenye vipodozi, na bado inauzwa. Kama umeanza kuipaka, acha leo, na ukiwa umeitumia mfululizo mwone daktari wa ngozi.

Ndevu zikija kukuchosha kabisa, kuna leza na kuna umeme. Leza huwinda weusi wa unywele, kwa hiyo mvi haizioni, na kwenye ngozi nyeusi mashine isiyofaa huunguza. Ulizia yenye mwanga wa nanomita 1064, ambao ni salama zaidi kwa ngozi yetu. Umeme huua mzizi mmoja mmoja kwa sindano nyembamba, kazi ya miezi mingi, na umetumika tangu 1875 alipouanzisha daktari wa macho wa Marekani aliyekuwa anaondoa kope zinazoota kwa ndani. Lakini kidevu kisichoota ndevu ni jambo la nyumba nzima, si lako peke yako mbele ya kioo. Liweke mezani mkishafika huko.

Mkeo anaweza kukuambia anakubali ukiwa peke yako, hataki kuona. Anaweza kutaka kuona mara moja, au asitake kabisa. Msikilize, mpatane kwa maneno yanayoeleweka: lini, wapi, nani ajue, mtoto awe wapi. Usiahidi kuacha ili tu arudi chumbani. Umejaribu kuacha mara ngapi tayari, ukatupa vyote, kisha ukanunua upya? Hukuandika, lakini sijapokea barua ya namna hii isiyokuwa na mfuko uliotupwa.

Na meno. Ukishapaka, weka kidole safi mdomoni, funga midomo ukizungushie, kivute taratibu kitoke. Ile rangi ya ndani ambayo ingefika kwenye meno itabaki kidoleni. Kisha bana karatasi laini katikati ya midomo mara moja.

Shangazi