Kujaza DRAM (kumbukumbu ya bodi) ya USRP X310 (redio inayoendeshwa kwa programu) haraka
Kama unajaza DRAM kwa kuandika data kipande kimoja kimoja kupitia rejista za bodi, acha, hiyo ndo inakuchelewesha. Tumia bloku ya Replay ya RFNoC (mfumo wa kuchakata mawimbi ndani ya chipu ya redio yenyewe), inapokea sampo (vipimo vya wimbi) kama strimu inaziweka kwenye DRAM ya bodi, halafu redio inazirusha kutoka humo humo bila kuisubiri kompyuta. Kinachobana ni waya wa kutoka kwenye kompyuta: Etheneti ya gigabiti 1 haivuki megabaiti 125 kwa sekunde, ya gigabiti 10 ni mara kumi ya hapo, na sampo moja ya sc16 (namba mbili kamili za biti 16) ni baiti 4 kwahiyo piga hesabu mwenyewe. Faili liwe sc16 tayari, likiwa la floti (namba za desimali) kila sampo ni baiti 8 na CPU inahangaika kubadilisha kila sampo huku waya umekaa tu. Ila ukizima bodi DRAM inafutika, unapakia upya.