Distributa mpya ya Toyota 4K: inapiga kwenye kabureta na haiwaki

Mkuu, umefunga disti (distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) mpya kwenye injini ya 4K na haiwaki. Kama alama ya puli ya krenki (shafti kuu ya injini) ilikaa sawa na bado inapiga mlipuko kwenye kabureta, disti yako huenda imepishana nusu mzunguko. Krenki huzunguka mara mbili disti ikizunguka mara moja, kwa hiyo pistoni namba 1 hufika juu mara mbili, na ni moja tu yenye kompresheni.

Chomoa plagi namba 1, ziba tundu kwa kidole, zungusha krenki kwa spana mpaka upepo ukisukume. Simama alama ya puli ikifika kwenye digrii zilizoandikwa kwenye kibandiko cha boneti. Gia ya disti ni ya mshazari, rota (kipande kinachozunguka ndani ya disti) itajizungusha disti inapozama. Basi ianzishe nyuma kidogo ili ikikaa chini iangalie waya namba 1.

Flenji ya disti (ukingo wake wa kufungia) ikibaki juu milimita chache, usiivute kwa bolti! Shafti haijashika pampu ya oili. Geuza mfereji wa pampu kwa bisibisi ndefu, jaribu tena.

Waya ni 1-3-4-2 kufuata rota inakozungukia. Kama disti ni ya platini (kontakti za ndani zinazofungua na kufunga umeme), weka nafasi yake milimita 0.45 kabla ya kuweka taimingi (wakati wa cheche), maana ukiigusa baadaye taimingi nayo inahama. Ikiwaka, chomoa mpira wa vakyumu ulioungwa kwenye disti uuzibe, piga taa ya taimingi kwenye alama ya puli injini ikiwa sailensa (ikinguruma bila kukanyaga mafuta), geuza disti taratibu. Kaza bolti, halafu piga taa tena. Mara nyingi disti husogea wakati wa kukaza.