Posho ya 35,000 au nyongeza ya 30,000? Jibu kwa mwakilishi wa wafanyakazi wa supamaketi, Moshi

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika supamaketi yenye maduka mawili, moja hapa Moshi na jingine Arusha. Chama chetu kimeshatambuliwa na mwajiri na sasa tunajadiliana mkataba wa hali bora wa miaka miwili. Tuliomba nyongeza ya shilingi 30,000 kwenye mshahara wa mwezi. Menejimenti imekataa, na badala yake inatoa posho ya motisha ya shilingi 35,000 kwa mwezi, "itakayolipwa kadiri hali ya biashara itakavyoruhusu". Vilevile inataka waajiriwa wapya waanze na mshahara wa chini kuliko wetu. Tulipoomba kuona hesabu za mauzo tuliambiwa ni siri ya kampuni. Baadhi ya wenzangu wanasema 35,000 ni kubwa kuliko 30,000, tuchukue. Wengine wanataka tugome Desemba. Unatushauri nini?

JIBU: Ndugu mwakilishi, ushauri wangu ni kwamba msiipokee posho hiyo kama mbadala wa nyongeza ya mshahara, na nitaeleza sababu kwa hesabu, kwa kuwa najua wenzako watataka kuiona hesabu kabla ya kukubali maneno.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inautafsiri mshahara wa msingi kuwa ni ile sehemu ya malipo anayopata mfanyakazi kwa kazi ya saa zake za kawaida, na inaziweka kando posho za aina zote, malipo ya saa za ziada, pamoja na nyongeza za kazi ya usiku, Jumapili na sikukuu. Tafsiri hiyo ina uzito mkubwa kwa sababu stahili nyingine nyingi hukokotolewa kutoka kwenye mshahara huo wa msingi: saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha msingi, saa ya kazi katika sikukuu hulipwa mara mbili, saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezewa asilimia 5, na kiinua mgongo cha kuachishwa kazi ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi. Posho haigusi hata kimoja kati ya hivyo.

Chukua sasa hizo 30,000 na uzipitishe kwenye jedwali la sheria. Kupata kiwango cha saa, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333, kisha kwa saa za wiki, ambazo kwenu ni 45. Nyongeza ya 30,000 inakuwa takriban shilingi 154 kwa saa, na katika saa ya ziada takriban 231. Keshia aliyefanya saa 20 za ziada katika mwezi anapata hapo shilingi 4,600 na kidogo zaidi, kwa hiyo ile 30,000 imekwisha kuwa karibu 34,600, na pengo lililokuwa likiwavutia wenzako limebaki shilingi mia chache. Ukifika mwezi wa Desemba, wenye sikukuu za tarehe 9, 25 na 26, keshia huyo akifanya kazi siku zote tatu kwa saa tisa kila siku, nyongeza inamwingizia takriban 8,300 nyingine, na jumla inakaribia 43,000 dhidi ya posho iliyosimama palepale kwenye 35,000. Akija kupunguzwa kazini baada ya kutumikia miaka minane, kwa wiki ya siku sita za kazi, kiinua mgongo chake peke yake kitakuwa kimeongezeka kwa takriban shilingi 64,600 kwa sababu ya nyongeza hiyo, na kwa posho kisingeongezeka hata senti.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Mfanyakazi wa stoo au wa ofisini asiyefanya saa za ziada wala kazi ya sikukuu atapata 5,000 zaidi kila mwezi kwa posho, na malalamiko yake, mkikataa, yatakuwa ya kweli. Mwelezeni wazi, na mumkumbushe jambo moja ambalo nalo linamhusu: nyongeza yoyote ya asilimia itakayojadiliwa mkataba ujao itahesabiwa juu ya mshahara wa msingi, kwa hiyo anayekubali msingi mdogo leo ataendelea kulipia uamuzi huo katika kila mkataba unaofuata.

Halafu kuna yale maneno "kadiri hali ya biashara itakavyoruhusu". Mkataba wa hali bora ulioandikwa na kutiwa saini humfunga mwajiri, lakini hapa ahadi yenyewe imeandikwa kwa namna ambayo mwajiri anaweza kusimamisha malipo mwezi wowote na bado akawa ndani ya mkataba, kwa kuwa ni yeye anayeijua hali ya biashara na ni yeye anayeitangaza. Kama mazungumzo yatawalazimisha kupokea posho ya aina yoyote, maneno hayo yafutwe yote na mahali pake iandikwe tarehe na kiasi. Mimi ningerudi mezani na pendekezo la 30,000 kwenye msingi, na badala ya kubishania zile 5,000 zilizobaki ningedai gari la kuwarudisha nyumbani wanaofunga duka usiku, maana anayetoka kazini saa nne usiku akakosa daladala ya kwenda Pasua au Majengo hulipa bodaboda kila zamu, na gharama hiyo haionekani popote kwenye karatasi ya mshahara.

Kuhusu mishahara ya chini kwa waajiriwa wapya, nawasihi msiliachie jambo hili kwa sababu tu haliwagusi ninyi mliopo. Mfano unaojulikana zaidi katika biashara hii ni wa Kusini mwa California, Marekani, ambako makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa maduka makubwa ya vyakula walikuwa nje ya kazi kwa mgomo na kufungiwa milango tangu Oktoba 2003 hadi mwishoni mwa Februari 2004. Kiini cha mzozo kilikuwa bima ya afya na mpango wa kuweka ngazi mbili, wa zamani na wapya, na mkataba uliomaliza mzozo ule uliwaacha wapya na malipo na mafao hafifu kuliko wenzao. Katika duka ambalo watu huingia na kutoka haraka, ngazi ya chini huwa ndiyo ya wengi baada ya muda mfupi. Hao walio wengi watakuwa wakiuliza chama kiliwafanyia nini, na mwajiri atakuwa na sababu ya kifedha ya kutamani kila mwenye mshahara wa zamani aondoke. Mkilazimika kukubali tofauti yoyote, iwe ya kipindi cha majaribio tu, na tarehe ya kulingana iandikwe ndani ya mkataba.

Juu ya hesabu za mauzo, jibu la menejimenti halitoshi. Sheria inamtaka mwajiri akipatie chama kilichotambuliwa taarifa zinazohusika ili kiweze kujadiliana kwa ufanisi. Ni kweli kwamba anaweza kuzuia taarifa ya siri ambayo ikitolewa itamletea madhara makubwa, lakini kuitaja kuwa siri hakutoshi, na chama nacho kinabanwa kutoitoa nje taarifa ya siri kinayopewa. Andikeni barua mkieleza hasa mnachotaka, kwa mfano jumla ya gharama ya mishahara na jumla ya mauzo kwa kila duka kwa miaka miwili iliyopita, na muahidi kwa maandishi kuitunza siri. Ombi la jumla la "kuona vitabu" ni rahisi kukataliwa. Wakikataa ombi mahususi, suala hilo mnaweza kulipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na aliyekataa ndiye atakayekuwa na kazi ya kujieleza, hasa kwa kuwa pande zote mbili zina wajibu wa kujadiliana kwa nia njema.

Sasa mgomo. Naelewa kwa nini Desemba inatajwa: watu wa Kilimanjaro wakianza kurudi nyumbani kwa Krismasi, foleni kwenye maduka ya Moshi huwa haikatiki hadi Mwaka Mpya, na kila mwajiri anajua thamani ya wiki hizo. Lakini tarehe haipangwi kwa kuangalia kalenda ya biashara peke yake. Mgogoro wa maslahi, yaani wa kudai masharti mapya kama huu wenu, lazima kwanza upelekwe CMA kwa usuluhishi, na Tume ina siku 30, isipokuwa pande mbili zikubaliane kuongeza. Ukishindikana, chama huitisha kura kwa mujibu wa katiba yake, wengi wa waliopiga kura waunge mkono, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Hivyo anayefikiria katikati ya Desemba anapaswa kuwa amewasilisha fomu CMA ndani ya siku kumi za mwanzo za Novemba, na nakala yake imemfikia mwajiri.

Kuna kizuizi kingine ambacho naona hakitajwi sana vijiweni. Sheria inakataza mgomo juu ya jambo linalosimamiwa na amri ya mishahara katika mwaka wa kwanza wa amri hiyo, na Amri ya Mishahara ya sasa kwa sekta binafsi imeanza kutumika Januari 1, 2026. Ipo hoja ya kujibu, kwamba amri huweka kima cha chini tu na ninyi mnabishania kilicho juu ya hapo, lakini ni hoja inayopaswa kupimwa na mwanasheria wa chama kabla ya kura, kwa sababu mgomo usio halali unaweza kuzuiwa na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na mgomaji hupoteza kinga yake dhidi ya kufukuzwa. Katika mgomo halali kinga hiyo ipo, na mwajiri haruhusiwi kuleta vibarua wa kuziba nafasi zenu; ila naye halazimiki kulipa mshahara wa siku zisizofanyiwa kazi, na ninyi hamruhusiwi kujipanga langoni kuwazuia watu wasiingie. Mimi ningeutumia muda uliobaki kuongeza wanachama katika duka la Arusha. Haki yenu ya kuwa wasemaji pekee inategemea wingi, na mkishuka chini ya nusu mwajiri anaweza kuwapa taarifa ya miezi mitatu ya kuurejesha kabla ya kutafuta kufuta utambuzi.

Wanaosita kujiunga waambieni kwamba mkataba utawahusu nao, na kwamba sheria inaruhusu chama na mwajiri kukubaliana asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala isiyozidi ya mwanachama.

Kuna jambo hukuliuliza ambalo katika supamaketi nalipa uzito karibu sawa na mshahara, nalo ni makato ya upungufu wa fedha. Utaratibu wa maduka mengi ni huu: zamu ikiisha keshia anahesabu droo mbele ya msimamizi, karatasi ya mashine inasema kiasi fulani, noti zinasema pungufu, na jina lake linaandikwa kwenye daftari bila yeye kupewa nakala, mwisho wa mwezi anakuta pengo kwenye mshahara. Mahali pengine hata bidhaa zilizoibwa na wateja hugawanywa kwa wafanyakazi wote wa zamu. Sheria hairuhusu hivyo. Hasara hukatwa tu ikiwa ilitokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo, akiwa amekubali kwa maandishi kulipa, baada ya kuelezwa kwa maandishi chanzo, kiasi na namna kilivyokokotolewa, na baada ya kupewa nafasi ya kupinga. Na jumla ya makato isizidi robo ya malipo yake ya fedha. Andaeni kifungu kinachosema kwamba droo ihesabiwe na watu wawili, keshia apewe nakala iliyosainiwa usiku uleule, asikatwe chochote kwa droo iliyotumiwa na zaidi ya mtu mmoja katika zamu, na hasara ya wizi wa wateja ibaki kuwa ya kampuni. Kifungu hiki hakimgharimu mwajiri nyongeza yoyote ya mshahara, kwa hiyo kiwekeni mezani mapema, kabla hamjarudi kwenye zile 30,000. Mkataba ukishasainiwa, hakikisheni nakala yake imewasilishwa kwa Kamishna wa Kazi na nyingine imebandikwa katika maduka yote mawili.