Maswali ya Wasomaji: Silanga, Ndovu na Tuta Linalovuja

SWALI: Mwaka jana tulijenga silanga, yaani bwawa dogo la maji, kwenye ranchi iliyopakana na Tsavo Mashariki. Tuta lina urefu wa mita 60 na kimo cha mita 4, na lilisukumwa kwa tingatinga. Baada ya mvua za Novemba tuliona unyevu upande wa nje, na sasa ni kijito chembamba. Je, tukizibe kwa udongo wa mfinyanzi? *Msomaji, Taita Taveta*

JIBU: Msikizibe. Maji yaliyokwisha kuingia ndani ya tuta lazima yatokee mahali. Mkiyafungia hapo, yatalowesha tuta zima mpaka ubavu uporomoke.

Kwanza yakingeni kwa chupa ya kioo, muiache itulie saa moja. Yakibaki maangavu, wekeni kopo la lita 1 chini ya kijito na mwandike kila wiki linajaa kwa sekunde ngapi. Mashapo yakionekana chini ya chupa, au kopo likianza kujaa haraka ilhali bwawa halijaongezeka, tuta linaliwa kutoka ndani na laweza kukatika usiku mmoja. Punguzeni maji siku hiyo hiyo kwa mipira ya kunyonya inayopita juu ya tuta. Kuchimba mfereji kwenye tuta lenyewe ni kulimaliza.

Pale yanapotokea wekeni chujio: mchanga safi wa mtoni wenye chembe kubwa, sentimita 30, kisha kokoto kiasi hicho hicho, juu yake mawe mazito. Maji yatapita, udongo utabaki.

Tiba yenyewe, yaani kushindilia udongo mpya, iko upande wa maji, nayo ingoje kiangazi. Tunashuku mambo mawili. La kwanza, huenda msingi haukuchimbwa: chini ya tuta la udongo huchimbwa handaki la upana wa mita 2 au zaidi, hadi kufikia mwamba au udongo usiopitisha maji, halafu hujazwa mfinyanzi ulioshindiliwa. Tuta likikalia nyasi na mchanga, maji hujipitia chini yake. Jambo la pili ni hilo tingatinga. Ni zito, lakini minyororo yake mipana hutawanya uzito, ndiyo maana halizami hata kwenye matope. Husukuma udongo vizuri na kuushindilia vibaya. Tabaka lisizidi sentimita 20 kabla ya kushindiliwa kwa roli ya meno, yaani gurudumu zito la chuma lenye meno, au kwa lori lililopakiwa. Hata kundi la ng'ombe likizungushwa hapo hufanya kazi nzuri kuliko tingatinga. Unyevu pimeni kwa mkono: viringisheni udongo uwe mwembamba kama penseli. Ukivunjika kabla ya kufika hapo ni mkavu, ukinata viganjani umezidi maji.

Kabla ya kuleta udongo mpya, dondosheni kidonge chake kikavu kwenye glasi ya maji ya mvua, bila kukoroga. Kikitoa wingu kama la maziwa ndani ya dakika 10, udongo huo hujitawanya wenyewe majini. Utafuteni mwingine, au uchanganywe na jasi kwa ushauri wa mhandisi.

SWALI: Ndovu wanatumalizia maji, tena wamefanya njia juu ya tuta. Tuweke ua wa umeme? *Msomaji, Kasigau*

JIBU: Hiyo lawama ya maji tuipigie hesabu. Ujazo wa bwawa dogo hukadiriwa kwa kuzidisha urefu wa tuta usawa wa maji, umbali ambao maji yanarudi nyuma, na kina kikubwa kabisa, kisha kugawanya kwa 6. Kwa mfano, mita 60 kwa 120 kwa 3, ukigawanya kwa 6, ni mita za ujazo 3,600. Ndovu mmoja hunywa lita 100 hadi 200 kwa siku; 30 wakinywa lita 150 kila mmoja, ni mita za ujazo 4.5. Jua la nyanda hizo hukausha milimita 6 hivi kwa siku, na uso wa bwawa hilo likijaa ni kama mita za mraba 3,600. Hizo ni mita za ujazo 21 na zaidi. Mnywaji mkubwa ni jua, na dawa yake ni kuongeza kina, si kutanua bwawa.

Njia juu ya tuta ndiyo inayotutisha. Utoro wa maji, yaani njia ya pembeni ya kutolea maji bwawa likijaa, huwekwa chini ya kilele cha tuta kwa mita 1 hivi. Nyayo zikikwangua sentimita 40 hapo juu, mmebakiwa na 60, na gharika ikipata pa kupita katikati ya tuta hulikata hadi chini. Msimwage udongo mkavu kwenye hilo shimo. Kwaruzeni, nyunyizeni maji, shindilieni tabaka kwa tabaka, na mzidishe kidogo, kwani tuta jipya hutitia.

Ua wa umeme hufaa penye mtu wa kuukagua kila siku. Bila mtu huyo, tandazeni mawe makubwa yenye ncha juu ya tuta na ubavuni; ndovu hapendi kuyakanyaga. Kisha mtengenezeeni mteremko mpole wa murram kwenye mkia wa bwawa, mbali na tuta, ndiko atakakoshukia.

SWALI: Tupande miti juu ya tuta ili lishikamane? *Msomaji, Voi*

JIBU: Hapana. Mzizi ukioza huacha bomba. Pandeni ukoka, na mashimo ya muhanga na ngiri yazibwe mapema.

SWALI: Kamati yetu inataka silanga sita, moja kila kilomita 3, ili wanyama wasisongamane. Ni sawa? *Msomaji, Mackinnon Road*

JIBU: Hatuungi mkono. Katika ukame wa 1970–71 maelfu ya ndovu wa Tsavo walikufa, wengi wao majike na watoto wao, na walikufa kwa njaa, si kwa kiu: walibaki karibu na maji wakati malisho ya pale yamekwisha. Silanga kila kilomita 3 zitamaliza nyasi za ranchi nzima kwa mara moja. Jengeni mbili zenye kina, na upande mmoja ubaki bila maji ili uwe akiba ya malisho.

Fedha itakayobaki ichimbe mtego wa mashapo juu ya kila bwawa, kashimo ka kina cha mita 1 kwenye mkondo unaoingiza maji, kazolewe kila kiangazi. Bwawa la Aruba, lililojengwa 1952 ndani ya hifadhi, lilijaa mchanga wa Mto Voi, na bwawa lenu ni dogo mara nyingi kuliko hilo.