Kuunganisha mtandao wa mshirika na wa chuo: niliyoyaona na niliyoyaharibu

Ndugu yetu wa Lamu ameeleza kwamba chuo chake kimetia saini ushirikiano na shirika la utafiti wa bahari lenye ofisi ng'ambo, Mokowe, na kwamba wakubwa wake wanataka mitandao hiyo miwili iwe mmoja kabla ya muhula kuanza. Anauliza kama aweke redio juu ya mapaa au atumie VPN, yaani njia iliyofungwa kwa usimbaji, kupitia intaneti. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na mitatu, mingi hapa Malindi na michache huko kwenu, kwa hiyo nitajibu kwa yaliyonipata.

Kwanza, hayo maneno ya kuifanya mitandao miwili kuwa mmoja yakatae mapema, tena kwa adabu. Mshirika hana haja na mtandao wenu. Ana haja na seva moja au mbili zilizomo ndani yake. Mara ya kwanza nilipoombwa jambo hili nilifungua kila kitu, kwa sababu fundi wa upande wa pili alikuwa mtu wangu wa kahawa na nilimwamini. Miezi michache baadaye kompyuta ya mapokezi kwao iliingiwa na virusi, ikaanza kupapasa anwani zetu moja baada ya nyingine, na printa za masijala yetu zikakesha zikitoa karatasi zenye herufi zisizosomeka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tangu siku hiyo humtaka mshirika aandike mashine yake ipi itazungumza na mashine yetu ipi, kwa lango (port) namba ngapi, na mpaka tarehe gani. Asiyeweza kuyajaza hayo hajawa tayari kuunganishwa.

Mara nyingi majibu hayo huondoa haja yenyewe. Ikiwa watafiti wao wanataka tu kutumia intaneti wanapotembelea chuo, na taasisi yao, kama yenu, imo katika eduroam, ushirika wa Wi-Fi wa vyuo na taasisi za utafiti, basi jina na nywila zao zitapelekwa kwao kuthibitishwa, nanyi hamtakuwa mmeunganisha chochote. Ikiwa wanataka faili za vipimo, seva moja ya SFTP, njia salama ya kupitisha faili, inatosha.

Ikibainika kwamba muunganisho hauepukiki, usiuingize kwenye swichi ya ndani. Utengee VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile, uupitishe kwenye fayawoli, ukuta unaochuja mawasiliano, na seva watakazozifikia uziweke katika eneo la kati ambalo nalo haliruhusiwi kuanzisha mawasiliano na kompyuta za wafanyakazi. Kanuni ya mwisho iwe ya kukataa kila kisichotajwa, na kinachokataliwa kiandikwe kwenye kumbukumbu, kwa kuwa wiki ya kwanza utazisoma kumbukumbu hizo kuliko unavyosoma simu yako.

Kisha kuna anwani. Anwani za binafsi zilizotengwa mwaka 1996 ni mafungu matatu tu, yaani 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16, na karibu kila ofisi ndogo hubaki na 192.168.1.0 iliyokuja na ruta kutoka dukani. Pande zote mbili zikiwa nayo, pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri, haitajua iende wapi. Dawa nzuri ni mmoja kubadilisha anwani zake, lakini sijawahi kumwona mshirika aliyekubali, kwa hiyo huishia kwenye NAT, yaani kutafsiri anwani njiani: seva zao huonekana kwetu kwa fungu la 172 ambalo hakuna anayelitumia, na za kwetu huonekana kwao kwa fungu jingine. Jedwali la tafsiri hiyo lichapishwe na libandikwe ukutani, maana usiku wa hitilafu hakuna atakayelikumbuka.

Njia zinazofuatwa na pakiti nazo zina hila yake. Kwa viunganisho viwili vitatu andika njia kwa mkono. Mimi niliwahi kuwasha OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kutangaziana njia zenyewe, na mshirika bila chujio, naye, bila kujua, akatutangazia njia ya kuendea kila mahali. Chuo kizima kikaanza kutoka kwenda duniani kupitia kiunganisho chake kidogo, na simu yangu haikunyamaza hadi adhuhuri. Itifaki ikitumika, pokea mafungu mliyokubaliana tu. Na kinyume chake pia: soma masharti ya anayewapa intaneti, hasa ikiwa ni mtandao wa elimu kama KENET, kabla ya kumruhusu mtu wa nje kupita kwenu kwenda kwingine.

Sasa redio au VPN. Hivyo havishindani: redio ni barabara, VPN ni kufuli, na mimi huendesha VPN juu ya redio yangu mwenyewe kwa sababu mawimbi hayana ukuta. Kumbuka tu kwamba VPN hula sehemu ya zile baiti 1500 za pakiti. WireGuard, programu mojawapo ya VPN, kwa kawaida hubakiza 1420. Ukiona ping, kile kipimo kidogo cha kuona kama mashine inajibu, inapita vizuri lakini faili kubwa inakwama katikati, usiilaumu seva. Punguza ukubwa wa pakiti, na usizuie ujumbe wa ICMP (itifaki ya taarifa za hitilafu) unaosema pakiti ni kubwa mno.

Kuhusu kuvuka maji, sikiliza kisa hiki. Tuliweka kiunganisho cha 5.8 GHz kati ya Mokowe na kisiwa, antena zikitazamana waziwazi, nacho kikawa kinadhoofika mara nne kwa siku. Tulibadilisha kebo, tukabadilisha vifaa, tukamshuku jirani mwenye Wi-Fi kali. Nahodha wa boti iliyokuwa ikituvusha ndiye aliyetazama daftari langu la saa akacheka: kila siku hitilafu ilichelewa kwa dakika kama 50, nazo zilikuwa saa za maji kujaa na kupwa. Wimbi la redio lililogonga uso wa bahari lilikuwa likifika pamoja na lile lililonyooka, na urefu wa wimbi ukiwa kama sentimita 5, bahari ikipanda na kushuka mita kadhaa siku za bamvua ilitosha kuyafanya yafutane. Siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo, hali ilitulia, na ndiyo iliyotuchanganya. Tuliponya kwa kurudisha antena ya kisiwani nyuma ya ukingo wa paa, mahali ambapo inaiona antena ya ng'ambo lakini haiyaoni maji yaliyo chini. Viungio vya nje vizibe kwa utepe wa mpira, kwani chumvi ya kusi haina huruma.

Ikiwa data yao ina habari za afya za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu kuwa nyeti, kwa hiyo mwanasheria wa chuo aingie kabla ya fundi.

Hatimaye, kila kanuni ya fayawoli iandikie tarehe ya kufungwa. Niliwahi kukuta VPN iliyo wazi miaka miwili baada ya mradi kwisha, na mwenye ufunguo wake alishahamia kazi nyingine. Tuletee mchoro wa anwani za pande zote mbili, uzifiche za umma, tuone kama mnagongana.