Inua macho kutoka kwenye daftari

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye kliniki ya methadoni, dawa tunayowapa waraibu wa heroini, hapa Tanga, hamkosi kuniuliza: ni kweli Ulaya mraibu hupewa heroini hospitalini? Ni kweli. Uswisi walianza mwaka 1994, kwa wale ambao methadoni iliwashinda. Heroini yenyewe hutengenezwa kiwandani, ni safi, kipimo chake kinajulikana, tofauti kabisa na kete za mtaani. Mgonjwa hujidunga mwenyewe mbele ya muuguzi, na kwa kuwa nguvu yake huisha upesi, hurudi mara mbili au tatu kwa siku. Yetu ni ya kunywa, mara moja tu, maana methadoni hukaa sana mwilini.

Lakini shikeni hili: kule, kabla ya sindano, muuguzi humtazama mgonjwa kwanza, kama amelewa au anasinzia. Akishajidunga hatoki papo hapo, hukaa aangaliwe.

Mimi nililipuuza. Nilikuwa mgeni dirishani, foleni ndefu, macho kwenye daftari. Kijana mmoja wa Ngamiani akaniamkia, "Shikamoo dada," nikaitikia bila kuinua kichwa. Nikampa kikombe, akanywa, akaondoka. Hata saa mbili hazijapita wenzake wakaja mbio: yuko chini ya mwembe, anakoroma, midomo imegeuka rangi. Alikuwa amekunywa gongo tangu alfajiri. Ningeinama kidogo tu ningeisikia harufu.

Tulimdunga naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini au methadoni, akafumbua macho, akataka kwenda zake. Hapo ndipo wageni wengi hukosea. Naloksoni huweza kuisha nguvu ndani ya saa moja hivi, methadoni bado imo, na pumzi zinaweza kukata tena. Tulikaa naye hadi usiku, akitukasirikia kwa arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, tuliyomletea sisi wenyewe kwa ile sindano.

Aliyekosa siku tatu mfululizo naye msimrudishie dozi yake ya zamani, hata akilia. Mwili umeshapunguza kuizoea. Daktari amwone kwanza. Na msimwite mtu teja, ana jina kwenye kadi.

Siku hizi namuuliza kila mmoja jana alilala wapi. Nangoja anijibu sentensi nzima, nimsikie ulimi kama mzito, nimwone macho. Ndipo namimina.